Njano ya Mombasa

(Maneno niliyoyasema jioni moja barazani Kibokoni, Mji wa Kale, mbele ya majirani na watoto wao. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, nikaacha mizaha miwili mitatu isiyofaa kuandikwa.)

Assalaam aleikum, na kwa wale wa salamu nyingine, hamjambo. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa juu ya ukuta ambao mwenyewe keshawakataza mara tatu, karibuni.

Nianze jikoni, maana huko ndiko kila mmoja wetu alikoliona jambo hili kabla ya kujua kwamba lina jina.

Umebandika wali. Tui limetiwa, chumvi imetiwa, na chini ya sufuria moto wa gesi umetulia, buluu tupu. Mara ukaitwa mlangoni, ukapiga soga, ukasahau. Ukirudi, maji yamefura, yamenyanyua kifuniko, yanateremka ubavuni mwa sufuria. Tone la kwanza likigusa moto unasikia "chiii", na ile buluu inageuka njano kali inayoelekea rangi ya chungwa. Nukta chache tu, kisha buluu inarudi. Tone jingine, njano tena.

Nimewauliza wengi wameona nini hapo. Jibu ni lile lile: moto umechafuka. Sasa mimi nasema hapana, haukuchafuka. Umetajiwa jina la mtu. Kulikuwa na chuma ndani ya yale maji, chuma laini unachoweza kukikata kwa kisu cha kupakia siagi, kiitwacho sodiamu, na moto umemlazimisha ataje jina lake kwa rangi. Nikisema chuma hapa sikusudii chuma cha nondo. Nakusudia jamii nzima ya madini ya namna hiyo: shaba, bati, risasi, na hii sodiamu ambayo hakuna aliyewahi kuiona sokoni ikiwa peke yake, kwa sababu ikiguswa na maji inaripuka.

Mezani hapa nina vitu vya dukani na vya jikoni. Sahani ya kwanza ni chumvi. Ya pili ni magadi, yale mnayotia kwenye maharage yalainike. Ya tatu ni mrututu, ule wa buluu. Ya nne ni chokaa ya matumbawe niliyoilowesha kwa siki tangu asubuhi. Ya tano ni majivu ya makumbi ya nazi. Na kuna kipande cha nishadari nilichopewa na fundi wa kutia sufuria bati, nitakieleza baadaye. Huu ni waya mwembamba, na hii ni gesi ndogo ya safari.

Kabla sijachovya, niondoe kitu kimoja njiani, maana kinachanganya hata watu waliosoma. Koroboi nayo ina moto wa njano, na mshumaa vilevile. Je, koroboi ina chumvi? Shika sahani nyeupe juu ya koroboi, itarudi na masizi. Hayo masizi ndiyo yaliyokuwa yakiwaka: chembe za kaboni zilizopata moto mpaka ziking'aa, sawasawa na kaa la jiko la kuchomea mihogo, sawasawa na cheche za fundi anayekata chuma. Kitu chochote kigumu ukikipasha vya kutosha kitang'aa, kwanza chekundu, kisha cha chungwa, kisha njano, kikizidi sana cheupe. Rangi ile inakwambia kitu kimepata moto kiasi gani. Haikwambii kitu chenyewe ni nani. Kaa na msumari vikiwa na joto moja vitang'aa karibu rangi moja.

Njano ya chumvi ni habari nyingine kabisa. Mwenye CD kuukuu nyumbani, zile za taarab zisizopigwa tena, azime taa, awashe mshumaa, autazame mwanga wake kwenye mgongo wa ile CD. Ataona upinde wa mvua mzima, kuanzia nyekundu hadi urujuani, bila pengo. Kisha atazame hivyohivyo moto wa gesi uliotiwa chumvi. Upinde hakuna. Kuna ule ubuluu kidogo wa gesi yenyewe, unaotoka kwenye vipande vya kaboni na haidrojeni vinavyokatikakatika motoni, na pembeni yake umesimama mwali mmoja wa njano, peke yake. Hakuna nyekundu upande huu wala kijani upande ule. Masizi yanasema rangi zote kwa pamoja kama watu sokoni Marikiti. Sodiamu inasema neno moja tu.

Basi tuchovye. Waya kwenye chumvi... motoni. Njano. Sasa niuoshe, nichovye magadi... njano ileile. Chumvi ya bahari na magadi ya Ziwa Magadi ni vitu viwili mbalimbali. Kimoja ni sodiamu iliyoshikana na klorini, kingine ni sodiamu iliyoshikana na kaboneti. Ladha mbali, kazi mbali, na zinatoka pande mbili za nchi ambazo basi linakwenda usiku kucha kuziunganisha. Moto haukujali mshirika. Umemwita aliye sawa katika zote mbili. Mwaka 1758 Mjerumani mmoja, Andreas Marggraf, aliitumia njia hiihii kutenganisha chumvi za soda, yaani za sodiamu, na chumvi za majivu, zilizokuwa zikifanana machoni. Moja iliwaka njano, nyingine ikaelekea urujuani.

Tazama mrututu sasa. Huu ni shaba... kijani. Mnaona? Kijani cha maji ya mkono wa bahari jua linapotua nyuma ya Tudor. Na hii ya nne, chokaa ya matumbawe, kalsiamu... nyekundu ya tofali, ina chungwa ndani yake. Chokaa kavu haitoi rangi ya maana, ndiyo maana nimeilowesha. Siki inaibadilisha ikawa chumvi inayoingia motoni kwa wepesi zaidi. Kitu kisichopaa hakina rangi ya kutoa, hata kiwe na chuma ndani kiasi gani. Zile kuta za Fort Jesus ni kalsiamu juu ya kalsiamu tangu Wareno walipoanza kuzijenga mwaka 1593, na ukizichomea kibiriti hazitakwambia kitu.

Lugha yetu, kwa njia, inauita moto mwali, jina lilelile la msichana anayewekwa ndani kabla ya harusi. Naona ni jina zuri, maana ukimpa chumvi hii anavaa leso hii, ukimpa ile anavaa nyingine. Lakini leso si yake, ni ya aliyempa.

Swali lenyewe sasa. Kwa nini?

Mnajua mnazi ulivyochongwa vipago, vile vidato vya mkwezi kuwekea mguu. Mkwezi anasimama kwenye kipago cha kwanza, au cha pili, au cha tatu. Hawezi kusimama kati ya cha kwanza na cha pili, hakuna pa kukanyaga. Atomu, ile chembe ndogo kabisa ya sodiamu au ya shaba, ni hivyo. Ina kiini katikati, na elektroni, chembe ndogo zaidi, zilizo nje yake, na kila elektroni ina vipago vyake vya nishati. Moto wa gesi ni msongamano wa chembe zinazogongana kwa kasi kubwa, joto lake karibu nyuzi 1,900 za selsiasi. Atomu ya sodiamu ikigongwa sawasawa, elektroni yake ya nje kabisa inarushwa kipago kimoja juu. Haikai huko. Inarudi, na ile nishati iliyopandia inaitoa yote kwa mkupuo mmoja ikiwa mwanga.

Rangi ya mwanga ni kipimo cha umbali kati ya vipago viwili. Kipago kirefu, mwanga wa buluu au urujuani. Kipago kifupi, mwanga mwekundu. Katika sodiamu, urefu wa kile kipago unatoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 589, yaani milioni 589 za bilioni moja ya... la, nimekosea, mnisamehe, nimewahi kukosea hivihivi darasani: ni sehemu 589 za bilioni moja ya mita. Macho yetu yanaita hiyo njano. Lithiamu, chuma kingine laini, inatoa nanomita 671, na hiyo ni nyekundu iliyokolea kama vidole vya mtoto aliyetoka kununua mabuyu. Mnazi mmoja vipago vyake havifanani na vya mwingine, kwa sababu kila aina ya atomu ina idadi yake ya chaji za umeme katika kiini, na chaji hiyo ndiyo inayozivuta elektroni na kupanga vipago. Mwaka 1913 Niels Bohr wa Denmark alipendekeza hesabu ya vipago hivi kwa haidrojeni, atomu iliyo nyepesi kuliko zote, ikaafikiana na rangi zilizokuwa zimeshapimwa miaka mingi. Mfano wa mnazi una kasoro yake: mkwezi akipanda hupita kila kipago, elektroni haipiti popote. Iko chini, kisha iko juu. Msiniulize ilikuwa wapi katikati, maana hilo swali lina wenyewe na mimi si mmoja wao.

Mwanafunzi mmoja mjanja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, kama sodiamu ni ya njano, mbona chumvi koponi ni nyeupe?" Swali la haki. Chumvini, sodiamu imeshampa klorini ile elektroni yake ya nje. Amebaki hana wa kumpandisha. Motoni chembe ya chumvi inakauka, inayeyuka, inapaa, klorini na sodiamu wanaachana, na katika ile purukushani sodiamu anarudishiwa elektroni. Hapo ndipo mkwezi anapatikana.

Na sodiamu wanaopanda ni wachache mno. Kwenye joto kama hilo, katika kila atomu laki moja, ni nne tu hivi zilizo kipago cha juu kwa wakati wowote. Lakini kila moja haikawii huko hata kidogo. Inakaa kama sehemu 16 za bilioni moja ya sekunde kisha inashuka, tayari kugongwa tena. Kwa hiyo wachache wanafanya kazi ya umati, na njano unayoiona ni yao.

Sasa niwapeleke Heidelberg, Ujerumani, halafu niwarudishe hapahapa baharini.

Katika miaka ya 1850 alikuwako huko mkemia, Robert Bunsen. Mwaka 1855 yeye na fundi wake Peter Desaga walitengeneza jiko la gesi lenye moto safi, usio na masizi, karibu usio na rangi. Jiko hilo bado liko maabara zote na bado linaitwa kwa jina lake. Bunsen alikuwa na rafiki, Gustav Kirchhoff, mwanafizikia. Kirchhoff alimwambia badala ya kukisia rangi kwa macho, waupitishe mwanga kwenye prizimu, kipande cha kioo cha pembe tatu, uchanuke, kila rangi isimame mahali pake. Hicho ndicho chombo kiitwacho spektroskopu, na ile CD yenu ni binamu yake wa mtaani. Mwaka 1860 wakayachemsha maji ya chemchemi ya Dürkheim, hukohuko Ujerumani, wakatia mabaki yake motoni, wakaona mistari miwili ya buluu isiyokuwa ya kitu chochote kinachojulikana. Chuma kipya. Wakakiita siziamu, kutokana na neno la Kilatini la rangi ya mbingu. Ili kupata kiasi kidogo cha kushikika, Bunsen alihitaji maji kama tani 40. Mwaka uliofuata wakapata kingine, rubidiamu, kwa mistari yake myekundu.

Lakini kisa chao ninachokipenda mimi si hicho. Katika maandishi yao ya 1860 wanaeleza jinsi walivyopima sodiamu ndogo kabisa inayoweza kuonekana. Walikuwa katika chumba cha kama mita 60 za ujazo. Kwenye pembe ya mbali kabisa na chombo wakaripua miligramu 3 za klorati ya sodiamu iliyochanganywa na sukari ya maziwa, na huku wanautazama mwali. Baada ya dakika chache mwali ukawa njano, na mstari wa sodiamu haukuondoka kabisa mpaka zilipopita dakika kumi. Wakakokotoa: jicho liliona chini ya sehemu moja ya milioni tatu ya miligramu.

Tena wakalalamika. Sodiamu hii haishiki adabu, iko kila mahali, kila wanachochoma kina mstari wa njano. Na walieleza inakotoka: sehemu kubwa ya dunia ni bahari, mawimbi yanapasuka, matone madogo yanapaa, maji yanakauka, chumvi inabaki hewani inaelea. Wametoka kusema hayo Heidelberg, ambako bahari ni mamia ya kilomita!

Sisi tuko kisiwani. Tuko kisiwani, ndugu zangu. Hapa nilipo naweza kurusha kokwa ya embe ikafika majini, karibu. Lita moja ya maji yale ina chumvi kama gramu 35. Upepo wa kusi unapovuma, mabati yanakula kutu, kufuli zinakwama, vioo vinapata ukungu unaonata. Huko Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi, wanaingiza maji ya bahari kwenye mabwawa na jua linawafanyia kazi. Sasa fikirini mtu anayetaka kuona rangi ya kitu kingine chochote katika mji kama huu. Chumvi iko kwenye vidole vyake, kwenye jasho, kwenye kitambaa, kwenye vumbi la meza. Njano ya sodiamu ni kali na macho yetu yanaiona kwa wepesi mno. Inawafunika wengine kama kipaza sauti cha harusi ya jirani.

Mimi yalinikuta. Nilikuwa kidato cha tatu, shule siitaji, na mwalimu alitupa chumvi tano zisizo na majina tuzitambue kwa moto. Joto la Februari, nimevaa sare, jasho linanitoka mpaka kwenye viwiko. Kila nikimaliza chumvi moja nilifuta waya kwa leso yangu ya mfukoni, ileile niliyojifutia uso. Ya kwanza njano, nikaandika sodiamu. Ya pili njano, sodiamu. Ya tatu nikashuku kidogo, lakini macho yaliona njano, nikaandika. Tano zote sodiamu! Nikampelekea mwalimu kwa fahari ya mtu aliyemaliza wa kwanza. Hakutia alama. Pembeni ya kila jibu aliandika kwa kalamu nyekundu neno moja: "Bahari."

Ndiyo maana mmeniona nikiuosha huu waya kila mara. Maabara tunauchovya kwenye asidi ya hidrokloriki, tunauchoma, tunauchovya, tunauchoma, mpaka moto ubaki buluu. Waya wenyewe ni platinamu kwa waliojaliwa, nikromu kwa sisi wengine. Asidi ile ina kazi ya pili: inazigeuza chumvi kuwa kloraidi, yaani chumvi za klorini, ambazo hupaa kirahisi.

Kuna jambo vitabu vya shule vinalipita haraka, nami nikilifundisha vibaya kwa miaka. Tunasema kila rangi ni ya atomu. Kwa sodiamu, lithiamu na potasiamu ni kweli. Lakini strontiamu, inayofanya fataki ziwe nyekundu, atomu yake yenyewe mstari wake mkuu uko kwenye buluu, nanomita 461. Wekundu wake unatoka pale strontiamu inaposhikana kwa muda mfupi, ndani ya moto wenyewe, na klorini au na kipande cha maji. Bariamu ni hivyohivyo na kijani chake, na kalsiamu na chungwa lake. Shaba ndiyo hadithi kubwa. Ikishikana na mabaki ya maji motoni ni kijani. Ikishikana na klorini ni buluu. Hapa ndipo nishadari inapoingia. Ni kloraidi isiyo na sodiamu ndani yake. Nikisaga kidogo nikachanganya na mrututu... angalieni ukingoni, pale... buluu. Chuma ni kilekile, mshirika amebadilika. Basi nilichowaambia mwanzoni kwamba moto haujali mshirika, kishikeni kwa sodiamu, kwa shaba kilegezeni.

Mtengeneza fataki atakwambia buluu nzuri ndiyo ngumu kuliko zote. Moto ukiwa baridi haing'ai. Ukiwa mkali, ile shaba na klorini wanavunjika na rangi inafifia. Nafasi iliyobaki katikati ni nyembamba. Usiku wa Diwali mkiona buluu iliyokolea juu ya mji, jueni aliyeitengeneza ni fundi.

Kuna aliyeniuliza mchana, yote haya yana faida gani kwa mtu asiyeuza fataki. Kwa miaka mingi, ukipelekwa hospitali umeishiwa maji, damu yako ilinyunyizwa motoni. Chombo kiliupima ukali wa ile njano kikajua sodiamu, kikaupima mwanga mwekundu ule wa mwisho kabisa wa potasiamu kikajua potasiamu. Mtu mzima mwenye afya ana sodiamu milimoli (kipimo cha wingi wa chembe) 135 hadi 145 kwa lita ya damu, na potasiamu 3.5 hadi 5 tu, na hiyo potasiamu ikipanda au ikishuka sana moyo unaweza kusimama. Siku hizi hospitali nyingi zinatumia vipimo vya umeme.

Na hili la matumbawe nalipenda kwa sababu ni letu. Lita moja ya maji ya bahari ina strontiamu kama miligramu 8. Tumbawe linapojijenga huchukua kalsiamu, na strontiamu kidogo hupenya pamoja nayo. Bahari ikiwa na joto hupenya kidogo zaidi ya kawaida... hapana, niseme vizuri: joto likizidi, strontiamu hupungua. Basi wanasayansi hutoboa tumbawe kongwe, wakakata unga wake mwaka kwa mwaka kama pete za mti, wakautia kwenye gesi ya argoni iliyopashwa hadi nyuzi elfu kadhaa, wakasoma mwanga wa strontiamu kando ya mwanga wa kalsiamu. Wanapata joto la bahari la miaka ambayo hakuna aliyeitia kipimajoto. Ni waya wangu huuhuu, ila umekuwa mkubwa na ghali.

Vijana, sikilizeni hili, maana najua mtakwenda kujaribu. Intaneti imejaa picha za mtu anayemimina spiriti kwenye sahani za chumvi akawasha, rangi zikasimama safu. Kwa spiriti hiyo hiyo watoto wa shule nchi mbalimbali wameungua nyuso. Kinachotokea ni kwamba sahani inaonekana imezimika, mtu anaongeza spiriti kutoka kwenye chupa, na mwali usioonekana vizuri unaifuata chupa mpaka mkononi. Waya, ncha ya chumvi, moto wa gesi, uwanjani penye hewa. Basi. Betri za simu msizipasue kutafuta lithiamu. Nyaya za umeme msizichome: zile nyaya zinatoa rangi nzuri ya kijani na buluu kwa sababu ya shaba na ile klorini iliyo kwenye plastiki yake, na moshi wake unaua mapafu polepole.

Nimebakiwa na sahani moja, majivu ya makumbi. Nimeyaacha makusudi. Makumbi yana potasiamu nyingi. Jina lenyewe la potasiamu limetoka kwenye majivu ya chunguni, ambayo watu waliyachemsha kupata chumvi ya kufulia, mpaka mwaka 1807 Humphry Davy wa Uingereza alipoutoa ule chuma kwa umeme. Rangi yake ni urujuani hafifu, kama maji uliyonawia baada ya kula zambarau. Ni hafifu kwa sababu mwanga wake mwingi uko nanomita 766 na 770, mwisho kabisa wa nyekundu ambako macho yetu yanaanza kupofuka, na mwingine kidogo uko 404, mwisho wa upande wa pili.

Lakini mnazi umekulia ufukweni. Umekunywa bahari maisha yake yote. Nikiyachoma majivu haya... njano. Mnaona wenyewe. Potasiamu imo humo, imejaa, na haionekani.

Hiki ni kioo cha buluu cha kobalti, kipande cha maabara. Kinazuia njano ya 589 na kinaruhusu ncha mbili, nyekundu ya mwisho na urujuani. Mwenye nyumba atuzimie taa, na ile ya ngazini pia. Njooni mmoja mmoja, msiniangushie mtungi. Anza wewe binti uliyeuliza kuhusu chumvi koponi. Shika kioo karibu na jicho, usiguse moto, nautia waya sasa. Ukiona rangi ya maji ya zambarau, sema. Usipoona kitu, nipe huo waya niuoshe tena.